Umeme wa Saa Chache: Jenereta Ndogo katika Historia ya Kitui na Makueni

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, umeme ulipopatikana katika vijiji vya Kitui na Makueni ulipatikana kwa saa, na saa hizo zilijulikana na kila mtu. Injini iliwashwa jua likishatua, ikanguruma nyuma ya kanisa, nyuma ya bweni la shule au kando ya duka la sokoni, kisha ikazimwa kabla ya usiku wa manane, na giza likarudi mpaka siku nyingine ambayo kungekuwa na fedha za mafuta na jambo la kuwakusanya watu. Sehemu hizi mbili za Ukambani, Kitui iliyokuwa wilaya tangu enzi za ukoloni na Makueni iliyomegwa kutoka Machakos mwaka 1992, mara nyingi hutajwa katika maandishi ya maendeleo kama mahali palipochelewa kufikiwa na umeme, na kwa hesabu ya nguzo na mita kauli hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, kati ya koroboi na waya wa kampuni ya umeme palikuwa na kipindi kirefu cha jenereta, ambacho kilikuwa na mafundi wake, biashara zake na desturi zake, na ambacho wanahistoria wamekipita haraka mno. Desturi hizo hazieleweki bila kuuelewa mtambo wenyewe, kwa kuwa ni maumbile ya mtambo yaliyoamua nani angewashiwa taa, saa ngapi, na akiwa pamoja na nani.

Jenereta inayobebeka ni mitambo miwili iliyofungwa katika fremu moja na kuunganishwa kwa mhimili mmoja. Wa kwanza ni injini, ambayo hugeuza joto la mafuta yanayoungua kuwa mzunguko, na wa pili ni altaneta, yaani kifaa kinachogeuza mzunguko huo kuwa umeme. Kanuni ya altaneta iligunduliwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831, alipoonyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya wa shaba uliosukwa kuwa koili, mkondo wa umeme huzuka ndani ya waya ule, na hukoma mara tu sumaku inapotulia. Mwaka uliofuata Hippolyte Pixii, fundi wa vyombo vya sayansi wa Paris, aliunda mashine ambayo sumaku yake ilizungushwa kwa mkono, na tangu hapo lililobaki lilikuwa kutafuta nguvu ya kuizungusha bila kuchoka. Katika jenereta ndogo za leo sehemu inayozunguka, ambayo huitwa rota, ndiyo yenye usumaku, na sehemu tuli inayoizingira, steta, ndiyo yenye koili ambamo umeme wa matumizi huzuka. Ncha ya kaskazini ya rota inapopita mbele ya koili, umeme husukumwa upande mmoja, na ncha ya kusini inapopita, husukumwa upande wa pili, ndiyo maana umeme unaotoka huitwa mkondo geu.

Injini nayo, katika jenereta nyingi za petroli, hufuata utaratibu wa mipigo minne ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliukamilisha mwaka 1876. Pistoni hushuka ndani ya silinda na kuvuta hewa ambayo kabureta imekwisha kuichanganya na petroli. Hupanda na kuubana mchanganyiko huo. Cheche ya plagi huuwasha na mlipuko huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Katika mipigo hiyo minne ni mmoja tu unaotoa nguvu, na mitatu huila, kwa hiyo kwenye mhimili hufungwa gurudumu zito liitwalo flaiwili, ambalo huhifadhi msukumo wa mpigo ule mmoja na kuugawa kwa mitatu iliyobaki. Katika gurudumu hilo hupachikwa sumaku ambazo kila zinapozunguka hupita mbele ya koili ndogo na kuzalisha umeme wa cheche, hivi kwamba injini haihitaji betri ili iwake: hutosha mtu kuvuta kamba. Sifa hiyo ina uzito mkubwa katika historia ya mahali pasipo na waya, kwani mtambo unaodai umeme kwanza ndipo utoe umeme usingefaa kitu katika soko la Tseikuru au la Ikutha.

Usumaku wa rota nao una siri yake, kwa sababu rota ya jenereta nyingi si sumaku ya kudumu. Ni chuma kilichozungushiwa koili, nacho huwa sumaku pale tu mkondo unapopita katika koili hiyo. Kinachoanzisha kazi ni usumaku hafifu unaobaki ndani ya chuma tangu mara ya mwisho jenereta ilipotumika: rota inapoanza kuzunguka, usumaku huo mdogo huzalisha umeme kidogo, umeme huo hurudishwa kuikuza sumaku, sumaku iliyokua huzalisha umeme zaidi, na katika sekunde chache volti hupanda hadi kiwango kinachotakiwa, ambapo kapasita, au kwa jenereta za kisasa zaidi kidhibiti volti cha kielektroniki, huizuia isipande kupita kiasi. Jenereta iliyokaa miezi mingi bila kuwashwa huweza kuupoteza usumaku huo wa akiba, na hapo injini hunguruma vizuri lakini taa haiwaki. Mafundi wa jua kali katika masoko ya Ukambani waliujua ugonjwa huo na dawa yake, ambayo ni kuipitishia koili ya rota mkondo wa betri ya gari kwa muda mfupi ili chuma kikumbushwe usumaku wake, na wengi wao waliijua dawa hiyo bila kupita darasa lolote la fizikia. Ujuzi wa namna hiyo, uliopitishwa kwa kutazama na kushika, ni sehemu ya urithi wa kiufundi wa nchi na unastahili kuandikwa kwa heshima ileile inayopewa ujuzi wa wachonga vinyago wa Ukambani.

Kenya hutumia umeme wa volti 240 na hezi 50, na hezi ni idadi ya mara ambazo mkondo geu hukamilisha safari yake ya kwenda na kurudi katika sekunde moja. Ili kutoa hezi 50, rota yenye ncha mbili za sumaku ni lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, na yenye ncha nne mara 1,500, na kasi hiyo haipaswi kubadilika hata kidogo, iwe kuna balbu moja au kumi, la sivyo volti hucheza na vyombo huharibika. Kazi ya kuilinda kasi hiyo ni ya gavana, kifaa cha vyuma vidogo na springi kinachohisi injini ikilegea kwa mzigo na kuifungulia mafuta zaidi, na kinachoibana mzigo unapopungua. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Injini ya gari huweza kupunguza mwendo na kula mafuta kidogo, lakini jenereta ya kawaida haina mwendo wa polepole; hata ikiwashia balbu moja huendelea kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, ikishinda msuguano wa vyuma vyake na kusukuma hewa yake, na hunywa sehemu kubwa ya mafuta ambayo ingekunywa ikiwa na mzigo kamili. Lita moja ya petroli ina nishati ya takribani kilowati-saa 9, na jenereta ndogo iliyobeba mzigo mzuri hutoa kilowati-saa moja unusu au mbili kama umeme, nyingine yote ikipotelea katika joto, kelele na moshi. Ikibeba mzigo mdogo, hasara huzidi hapo. Kwa hiyo gharama ya kuiwasha kwa ajili ya mtu mmoja haikutofautiana sana na gharama ya kuiwasha kwa ajili ya watu mia mbili, na yeyote aliyeimiliki alivutwa na hesabu hiyo kuwakusanya watu na kazi katika saa zilezile.

Historia ya umeme wa Afrika Mashariki kwa jumla ilianza kwa mtambo wa jenereta pia. Kampuni ya umeme ya Kenya huisimulia asili yake kuanzia mtambo ulionunuliwa na Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar mwaka 1875 kwa ajili ya kasri lake na mitaa ya jirani, ambao mwaka 1908 ulichukuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, ukawa chanzo cha kampuni ya umeme ya Mombasa. Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na mwaka 1922 hizo mbili zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Reli ilikuwa imekwisha kupita katika nchi ambayo leo ni Makueni mwaka 1898 na 1899, ikiacha stesheni za Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, lakini umeme haukuifuata reli. Ulifuata wateja wenye fedha, nao walikuwa mijini na katika mashamba makubwa ya nyanda za juu, na kampuni ya kibiashara haikuona faida ya kuvuta waya kupitia nyika yenye miji iliyotawanyika na misimu miwili ya mvua isiyoaminika.

Uhuru haukuigeuza hali hiyo kwa haraka. Serikali ilianzisha Mpango wa Usambazaji Umeme Vijijini mwaka 1973, na katika miongo iliyofuata waya ulifika katika makao makuu ya wilaya na miji mikubwa kidogo, lakini nje ya miji hiyo maendeleo yalikuwa ya taratibu sana. Linaloumiza zaidi ni kwamba katika miaka hiyohiyo Mto Tana, unaopakana na Kitui upande wa kaskazini, ulikuwa ukifungwa kwa mabwawa ya kuzalisha umeme wa taifa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere, lililo mpakani mwa Kitui na Embu, mwaka 1988. Umeme wa maji hayo ulisafirishwa kwenda Nairobi na Mombasa kwa nyaya za msongo mkubwa, ambazo haziwezi kuangazia kijiji bila kituo cha kupunguza volti na nyaya ndogo za kusambaza, na vituo hivyo havikujengwa kwa ajili ya vijiji. Katika sensa ya 2009, zaidi ya miaka 30 tangu mpango wa 1973, kaya zilizotumia umeme kwa mwanga katika Kitui na katika Makueni zilikuwa chini ya moja kati ya kumi.

Wamisheni walifika mapema kuliko umeme wa aina yoyote. Walutheri wa Leipzig walikuwa Ikutha katika miaka ya 1890, na Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwishoni mwa 1895, wote wakitumia taa za mafuta. Jenereta iliingia katika vituo vya misheni baadaye, pamoja na hospitali. Hospitali za Muthale na Mutomo, zilizoanzishwa na Wakatoliki kabla ya mpango wa 1973, zilikuwa mbali na waya wowote, na katika hospitali ya namna hiyo upasuaji wa usiku ulitegemea injini. Mwanga wa chumba cha upasuaji, mashine ya eksirei, kifaa cha kuchemshia vyombo na pampu ya maji vilipangwa katika saa za injini, na yaliyoweza kungoja yaliachwa yangoje. Chanjo hazikuweza kungoja, kwa kuwa jokofu linatakiwa kufanya kazi mchana na usiku, na jenereta ya kuwashwa saa 24 kwa ajili ya jokofu moja ingemaliza bajeti ya zahanati kwa mafuta. Ndiyo sababu zahanati za vijijini kwa miongo mingi zilitunza chanjo katika majokofu yanayopozwa kwa mwali wa mafuta ya taa au wa gesi. Mtambo uliotawala usiku wa sherehe na wa dharura haukuweza kabisa kutawala baridi ya kudumu.

Kabla jenereta haijawa ndogo kiasi cha kubebwa na watu wawili, injini iliyojulikana zaidi vijijini ilikuwa ile nzito ya dizeli ya mashine ya unga. Kiwanda cha R. A. Lister cha Dursley, Uingereza, kilianza kuunda karibu mwaka 1930 injini yake ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa, ambayo katika umbo lake lililoenea zaidi ilitoa nguvu-farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika, na nakala zake zilizotengenezwa Rajkot, India, zilienea katika Afrika Mashariki yote. Injini ya dizeli haina plagi. Huibana hewa peke yake hadi ikapata joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa ndani yake na kujiwasha yenyewe, na kwa kuwa hubana zaidi, huyatumia mafuta vizuri kuliko ya petroli. Mwendo wake wa taratibu uliifanya idumu kwa miongo, na mkanda wa ngozi au wa mpira ulioizungusha mashine ya kusaga mchana uliweza jioni kuhamishiwa altaneta, hivyo mwenye mashine akauza unga mchana na mwanga usiku. Vikundi vya mwethya, ule ushirika wa kazi wa Wakamba uliochimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kujenga madarasa, vilikuwa na mazoea ya kuchanga kwa ajili ya mali ya pamoja, na mashine ya unga ilikuwa miongoni mwa mali zilizotamaniwa zaidi na wanawake waliobeba mahindi vichwani kwa maili nyingi.

Kwa wengi, hata hivyo, jenereta ya kwanza kuonekana ilikuja na gari la sinema. Ukambani ulitoa askari wengi kwa King's African Rifles, na katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia na baada yake serikali ya kikoloni ilituma magari yenye projekta, vipaza sauti na jenereta kuzunguka vijijini na filamu za vita, za kilimo na za usafi. Baada ya Uhuru desturi hiyo iliendelezwa na idara ya habari na pia na makampuni yaliyotangaza sabuni na dawa za meno. Taa ya projekta ya filamu za milimita 16 hula mamia ya wati, na balbu hiyo pamoja na amplifaya vilihitaji volti zisizoyumba, kwa hiyo jenereta ilishushwa na kuwekwa mbali kiasi ili kelele yake isiumeze wimbo, waya mrefu ukatandazwa katikati ya umati, na uwanja wa shule ukageuka ukumbi. Propaganda iliyobebwa na filamu hizo imeandikwa mara nyingi. Lililoandikwa kidogo ni kwamba hapo ndipo watoto wengi wa Ukambani walipoona kwa mara ya kwanza kwamba umeme unaweza kufika kwa gari, ukawashwa, na ukaondoka usiku uleule.

Udogo wa jenereta ulikuja kutoka Japani. Soichiro Honda alianza biashara yake mwaka 1946 kwa kuzifunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya jenereta za redio za jeshi, na mwaka 1965 kampuni yake ikaleta E300, jenereta iliyoweza kubebwa kwa mkono mmoja. Mwaka 1983 ilifuata familia ya injini za GX, ambazo valvu zake ziko juu ya silinda na hivyo huyachoma mafuta vizuri zaidi, na umbo hilo limeigwa na viwanda vya China kwa kiasi ambacho jenereta nyingi zinazouzwa leo katika maduka ya vifaa ya mji wa Kitui au wa Wote hulifuata, liwe jina lolote lililochapwa kwenye tangi.

Muziki uliupokea mtambo huu kwa mikono miwili. Katika miaka ya 1970 na 1980 benga ya Kikamba ilistawi kupitia bendi kama Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kalambya Boys na Lower Mbooni Boys Band, na gitaa la umeme halisikiki bila amplifaya, wala amplifaya haifanyi kazi bila umeme. Bendi iliyotaka kucheza mahali pasipo na waya ilisafiri na jenereta kama ilivyosafiri na ngoma zake, na gharama ya mafuta iliingizwa katika kiingilio, kwa hiyo dansi lilipaswa kujaa ndipo lilipe, na lilipojaa halikuwa na sababu ya kuisha mapema. Kanisa lilifuata hesabu hiyohiyo kwa makusudi yake, na kesha la maombi lenye kinanda cha umeme na spika kubwa lilikuja kuwa sehemu ya kawaida ya ibada. Harusi, harambee na mikutano ya kampeni zikafuata, na pakazuka biashara inayoishi hadi leo ya kukodisha jenereta na spika kwa pamoja, ambapo mwenye vyombo huja na fundi wake, na familia iliyokodisha huongeza petroli.

Ukame wa 1999 na 2000 ulionyesha jambo ambalo wakulima wa Ukambani walikuwa wakilijua siku zote, kwamba mvua ikikosa hakuna kinachosalimika. Mabwawa ya Tana yalipungua maji, Kenya ikaingia katika mgawo mkali wa umeme, serikali ikakodi jenereta kubwa za dharura, na wenye maduka, mahoteli na zahanati waliokuwa wamelipia waya wakalazimika kununua jenereta zao wenyewe. Ukame uleule uliokausha mahindi ya Kyuso na Kathonzweni ndio uliozima taa za Nairobi, na tangu hapo jenereta haikuwa tena alama ya mahali palipoachwa nyuma.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoipeleka jenereta ndogo kabisa hadi pembe za masoko. Safaricom ilianza huduma zake mwaka 2000 na M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007, na simu iliyozimika ikawa sawa na mfuko wa fedha uliofungwa. Jenereta za Kichina za stroki mbili, zenye wati 650 hadi 950 na uzito wa kilo 20 hivi, ziliingia sokoni kwa bei ambayo kinyozi au mwenye kioski aliweza kuifikia. Injini yake hutoa nguvu katika kila mzunguko badala ya kila mizunguko miwili, haina valvu, na hulainishwa kwa oili inayochanganywa ndani ya petroli, jambo linaloifanya iwe nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini pia yenye moshi mzito na maisha mafupi. Mwenye nayo hakuiwasha kwa ajili ya simu moja. Alingoja mpaka ubao wa soketi ujae, au alinyoa vichwa, akaonyesha mechi ya mpira kwenye televisheni na kuchaji simu thelathini kwa wakati mmoja, akitii bila kuambiwa na mtu ile sheria ya gavana na mizunguko 3,000. Mafundi wa geti na madirisha walihitaji jenereta kubwa zaidi, kwa sababu mashine ya kuchomelea huvuta mkondo mkali kwa ghafla, nao walijifunza kupanga kazi ili vyuma vyote vikatwe na kupimwa kwanza, ndipo injini iwashwe na viungo vyote vichomewe kwa mfululizo.

Mazingira ya Ukambani yalikuwa na madai yake kwa mtambo huo. Injini hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huwa nyepesi, hivyo jenereta iliyoandikwa kilowati 2 haitoi kilowati 2 katika mji wa Kitui, ulio kwenye mita zipatazo 1,100, na hutoa pungufu zaidi katika vilima vya Mbooni. Joto la Kibwezi huipunguzia nguvu pia. Vumbi jekundu la barabara huziba chujio la hewa na hatimaye huikwangua silinda, na petroli iliyoachwa ndani ya kabureta kati ya sherehe moja na nyingine huganda kuwa utandu unaoziba tundu jembamba la mafuta, ndiyo maana fundi mzuri humwambia mteja afunge mafuta na kuiacha injini ijizime yenyewe. Hatari kubwa kuliko zote haina harufu: kaboni monoksidi, gesi ya moshi wa injini inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu, huweza kuwaua watu waliolala katika chumba ambacho jenereta imefichwa isiibwe au isinyeshewe, na woga wa wizi umewafanya wengi waiweke ndani. Hapa elimu imechelewa kuliko mtambo.

Iliposhughulika na maji, jenereta ilifanya kazi nzito kuliko zote. Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka kwa majuma machache kwa mwaka, na mahali ambapo mabwawa ya mchanga hayakutosha, visima virefu vilichimbwa na kutiwa pampu za kuzamishwa ambazo mota zake huwa chini kabisa, ndani ya maji, zikilishwa na jenereta ya dizeli iliyo juu katika kibanda. Mota ya namna hiyo huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida inapoanza, kwa hiyo jenereta hununuliwa kubwa kuliko mzigo wake wa kila siku, nayo hula dizeli kulingana na ukubwa huo. Kamati ya maji iliuza mtungi kwa bei iliyobeba dizeli, oili, chujio na mshahara wa mhudumu, na kisima kiliposimama, mara nyingi maji yalikuwa yangaliko chini na kilichokosekana ni fedha za mafuta au kipuri cha injini.

Mwaka 2012 vijiji viwili vilijaribu njia nyingine. Katika soko la Kitonyoni, Makueni, Chuo Kikuu cha Southampton pamoja na washirika wa Kenya kilijenga mtambo wa sola wa kilowati 13.5 unaosambaza umeme kwa maduka, zahanati, shule na kanisa chini ya ushirika wa wanakijiji. Na huko Ikisaya, mashariki mwa Kitui, kituo cha nishati kilichobuniwa na mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo kikaanza kukodisha taa na kuchaji simu. Paneli ya sola haijali ikiwashia balbu moja au kumi. Haina mizunguko ya kulinda wala mafuta ya kuteketeza bure, na kwa sababu hiyo taa iliyokuwa imewakusanya watu ikaanza kuwafuata nyumbani kwao, mwanafunzi akasoma mezani kwa mamaye badala ya bwenini. Mpango wa serikali wa Last Mile, ulioanza 2015 kwa kuwaunganisha waliokuwa ndani ya mita 600 kutoka transfoma, ulivuta waya hadi nyumba nyingi zaidi, na taa za sola zikawa chanzo kikubwa cha mwanga kwa kaya zilizobaki.

Jenereta haikuondoka, ila ilibadilisha zamu. Visima vingi vya Kitui na Makueni vimewekewa paneli, na mhudumu huacha jua lisukume maji mchana. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti anga ya Ukambani hufunikwa na mawingu ya kipupwe kwa siku nyingi mfululizo, na ni miezi hiyohiyo mifugo hurudi visimani kwa kuwa madimbwi ya mvua ya masika yamekwisha. Kwa hiyo, visima ambavyo kamati zake zimepanga kwa uangalifu huibakisha injini ya dizeli katika kibanda chake, ikiunganishwa na pampu ileile kwa swichi ya kuchagua chanzo, na huiwasha kwa dakika chache kila juma hata jua likiwa kali, ili oili isambae, betri ijae na chuma cha rota kisiupoteze usumaku wake.